Gridi ya valvu kwenye amplifaya ya redio ya ridhaa: wati zake zinapigwaje hesabu?

#1 Kapasita_Kuu

Wakuu habari za humu. Nina swali linaninyima usingizi, na kila ninayemuuliza ananipa jibu lake.

Nimejenga amplifaya ya HF (mawimbi mafupi) yenye valvu moja ya 3-500Z. Gridi (wavu wa waya kati ya kathodi inayotoa elektroni na anodi inayozipokea) iko ardhini, draivu (nguvu ya redio inayosukuma) inaingia kwenye kathodi. Anodi ina volti 2500. Nikibonyeza kii (swichi ya kurusha), mita ya anodi inasoma 400 mA, mita ya gridi inacheza kwenye 120 mA, na redio inayosukuma inatoa wati 65 hivi.

Datashiti inasema anodi inavumilia wati 500 na gridi wati 20. Ya anodi sina shida nayo: wati zinazoingia, toa zinazokwenda antena, zinazobaki ni joto. Ya gridi ndiyo imenishinda. Nimepiga hesabu mara tatu:

Kwanza nimezidisha 0.12 A kwa volti 2500, nikapata wati 300.

Pili nikasema draivu yote inaishia kwenye gridi, kwa hiyo wati 65.

Tatu nikachukua bayasi, yaani volti za kudumu kati ya gridi na kathodi. Nina zena (dayodi inayoshikilia volti) ya volti 8 kwenye kathodi, 8 × 0.12 ni kama wati 1.

Majibu matatu: 300, 65 na 1. Mawili ya kwanza yanasema gridi ilitakiwa iwe imeyeyuka zamani, la tatu linasema haina kazi yoyote. Na valvu inapiga kazi mwezi wa nne sasa. Naomba kueleweshwa taratibu, mimi si mtu wa chuo.

#2 Mtambo_Wazi

Mkuu unajitesa bure. Angalia mita ya gridi, isizidi 120 kwa valvu moja, basi. Miaka yote tunafanya hivyo. Hesabu za nini?

#3 Bi_Triodi

Mwanangu Kapasita, swali lako ni zuri, na hayo majibu matatu yote yana kosa la aina moja: umechukua volti au wati zisizohusika.

Anza na elektroni moja. Inatoka kwenye filamenti (uzi wa moto, ambao kwenye valvu hii ndio kathodi) ikiwa karibu imesimama. Inavutwa. Ikigonga waya wa gridi, kasi iliyokuwa nayo imetokana na volti zilizopo kati ya kathodi na gridi kwa sekunde ileile iliyogonga. Kama gridi wakati huo ilikuwa chanya kwa volti 100 ukiipima kutoka kathodi, elektroni imefika na nishati ya volti 100 tu, na yote inageuka joto pale kwenye waya. Kwamba mbele kuna anodi yenye volti 2500 hakuihusu, kwa sababu haikufika huko. Ndiyo maana jibu lako la 300 halina mguu.

Sasa wati za gridi ni volti za gridi kwa wakati fulani mara mkondo wa gridi kwa wakati huohuo, halafu unatafuta wastani wa mzunguko mzima wa wimbi. Gridi ikiwa hasi kuliko kathodi hakuna mkondo, kwa hiyo hakuna joto. Kazi yote inafanyika kwenye kile kilele kidogo ambapo gridi ni chanya.

Kwa haraka, fomula ya jikoni ni hii:

Wati za gridi ≈ volti za kilele chanya za gridi × mkondo wa DC wa gridi

Kilele chanya maana yake kilele cha draivu ukitoa bayasi. Fomula hii inazidisha kidogo, kwa sababu inachukulia elektroni zote zimegonga kwenye kilele, wakati nyingine zimegonga kabla au baada, volti zikiwa chini. Lakini inakosea upande wa usalama. Datashiti ya 3-500Z yenyewe inatumia njia hiyohiyo.

Kwako: tuseme kilele cha draivu kwenye kathodi ni volti 120. Toa 8 za zena, zinabaki 112. Zidisha kwa 0.12 A unapata wati 13 na ushei. Uko chini ya 20. Valvu yako ina haki ya kuwa hai.

#4 Kapasita_Kuu

Bi Triodi shikamoo, na shukrani sana. La 300 nimelielewa kabisa. Ila la 65 bado. Redio inatoa wati 65, kathodi inazipokea, gridi inakula 13. Hizo nyingine zaidi ya 50 zimekwenda wapi? Umeme haupotei hewani.

#5 Bi_Triodi

Marahaba. Zimekwenda antena.

Ukiendesha kathodi, draivu na anodi ziko kwenye mstari mmoja. Mkondo wote wa anodi unapita kwenye chanzo chako cha draivu kabla ya kuingia kwenye valvu. Kwa hiyo redio yako haiiendeshi gridi peke yake, inasukuma mkondo wa anodi pia, na nguvu hiyo inatokezea upande wa pili pamoja na ile inayozalishwa na valvu.

Namba za mfano: mkondo wa DC wa anodi ni 0.4 A. Sehemu yake ya RF, ile ya masafa unayorusha, kilele chake ni kama mara moja na nusu ya hapo, yaani 0.6 A. Volti za kilele 120 mara 0.6, gawa kwa 2, unapata wati 36. Hizo zinapita moja kwa moja. Ongeza kama 12 za gridi: 48. Zilizobaki ni mpotezo wa saketi ya kuingilia na choki ya filamenti, na usisahau kwamba mita ya redio yako si mita ya maabara.

Ungekuwa unaendesha gridi badala ya kathodi, hapo wati za draivu zingeishia kwenye gridi na kwenye chanzo cha bayasi tu. Kwa klasi C (mkondo wa anodi unapita chini ya nusu ya wimbi) ya namna hiyo kuna makadirio ya siku nyingi: draivu ≈ 0.9 × kilele cha draivu × mkondo wa gridi. Kilele kikiwa volti 250, bayasi hasi 150, mkondo 40 mA, draivu inakuwa wati 9. Bayasi inachukua 150 × 0.04, wati 6. Gridi inabaki na 3. Kama bayasi inatokana na rizista ya gridi, hizo wati 6 zinaunguza rizista, ndiyo maana ukiigusa (mtambo umezimwa!) unakuta ni ya moto kuliko ulivyotegemea. Fomula ya jikoni hapo ingekupa 100 × 0.04, wati 4. Unaona imezidisha kidogo, kama nilivyosema.

#6 Hezi_Mia

Samahani naingilia. Volti za kilele au zile za rms (kilele gawa kwa 1.41)? Mita yangu ya RF inasoma rms. Nikiweka rms kwenye fomula napata ndogo zaidi, inanipendeza 😀

#7 Bi_Triodi

Kilele. Ukiweka rms unajidanganya kwa asilimia 30. Zidisha rms kwa 1.41 kwanza, ndipo utoe bayasi. Utaratibu huo ni lazima: ukitoa bayasi kwenye rms kisha ukazidisha, namba inayotoka haina maana.

#8 Mtambo_Wazi

Bado sijashawishika. Datashiti inanipa mkondo wa gridi wa kawaida, mita ninayo, sindano ikipanda napunguza. Hayo mengine ni mapambo ya walimu.

#9 Bi_Triodi

Mtambo_Wazi, mita yako inakupa nusu ya hesabu. Milliampia 120 zikigonga gridi yenye kilele cha volti 60 ni wati 7. Milliampia hizohizo 120 kwenye kilele cha volti 170 ni wati 20. Sindano iko palepale.

Na si jambo la vitabuni. Valvu ikichoka, filamenti haitoi elektroni kama zamani. Unataka 400 mA zako za anodi, kwa hiyo unaongeza draivu. Volti za kilele zinapanda. Unaiangalia mita ya gridi, unaona kama kawaida au imepanda kidogo, unasema salama. Wati zimeongezeka huku mita inakutazama.

Mita inatosha kama mambo mengine yote yako kama yalivyo kwenye datashiti: volti za anodi zilezile, lodi (mzigo wa antena) ileile, valvu yenye afya. Hapo nakubaliana nawe.

#10 Digrii_Sitini

Kwa wanaopenda hesabu kamili, kuna njia ya kugawa wimbi vipande vya digrii 15. Inahitaji mchoro wa mikondo ya valvu, rula na subira. Nimeifanya jana kwa kusoma namba kwenye mchoro, naziweka hapa kama mfano. Nimechukua kilele cha volti 120, bayasi sifuri ili iwe rahisi.

Volti za gridi kwa kila pembe ni 120 mara kosaini ya pembe. Mkondo unausoma kwenye mchoro, pale mstari wa kazi unapopita:

Digrii 0: volti 120, mkondo 520 mA
Digrii 15: volti 116, mkondo 470 mA
Digrii 30: volti 104, mkondo 340 mA
Digrii 45: volti 85, mkondo 180 mA
Digrii 60: volti 60, mkondo 70 mA
Digrii 75: volti 31, mkondo 20 mA
Digrii 90: sifuri, sifuri

Mkondo wa DC: jumlisha yote, gawa kwa 12. 1600 ÷ 12 = 133 mA.

Wati: zidisha kila mstari, jumlisha, gawa kwa 12. Nimepata wati 14.4.

#11 Koili_ya_Tisa

Digrii_Sitini hapo umechemka kidogo mkuu. Namba ya digrii 0 inaingia NUSU. Kilele kiko kimoja tu katika mzunguko, lakini pembe nyingine zote zinatokea mara mbili, wakati wimbi linapanda na linaposhuka. Kwa hiyo:

Mkondo: 260 + 470 + 340 + 180 + 70 + 20 = 1340. Gawa kwa 12, 112 mA.

Wati: 31.2 + 54.5 + 35.4 + 15.3 + 4.2 + 0.6 = 141.2. Gawa kwa 12, wati 11.8.

Fomula ya Bi Triodi: 120 × 0.112 = 13.4. Kwa hiyo hesabu kamili ni asilimia 88 ya ile ya jikoni. Kazi ya jioni nzima kwa wati moja na nusu 😅

#12 Digrii_Sitini

Kweli kabisa, nimeona. Ndiyo maana huwa natuma humu kabla ya kuwasha kitu.

#13 Bi_Triodi

Asante Koili. Na kuna njia ya kujihakiki, kwa vile Digrii_Sitini amechukua bayasi sifuri. Bila bayasi hakuna pengine pa draivu ya gridi kwenda isipokuwa kwenye gridi yenyewe. Kwa hiyo wati za draivu zinazoingia gridi lazima zilingane na wati za joto. Tafuta kilele cha mkondo wa RF wa gridi: 520 + 1.93 × 470 + 1.73 × 340 + 1.41 × 180 + 70 + 0.52 × 20, yote gawa kwa 12. Inakuja 196 mA. Mara volti 120, gawa kwa 2: wati 11.8. Zimekutana. Zisingekutana, ungejua kuna mstari umeusoma vibaya.

Angalieni pia jambo moja kwenye orodha ile. Ukijumlisha pembe tatu za kwanza, yaani digrii 0, 15 na 30, zinabeba 121 kati ya ile jumla ya 141 (kabla ya kugawa kwa 12). Kama asilimia 86 ya joto lote inatengenezwa karibu na kilele. Na kilele cha gridi ndiyo wakati uleule ambao volti za anodi ziko chini kabisa. Hapo ndipo lodi inapoingia kwenye hesabu.

#14 Hezi_Mia

Tiririka Bi Triodi, hapo kwenye lodi ndipo nilipokuwa nasubiri.

#15 Bi_Triodi

Gridi na anodi zinagombania elektroni zilezile. Anodi ikiwa na volti nyingi, elektroni zinapita katikati ya waya za gridi na kwenda zao. Anodi ikishuka sana, gridi inakuwa mshindani wa kweli.

Anodi haikai kwenye volti 2500 wakati wa kurusha, inayumba. Ukiwa na lodi nyepesi, yaani kapasita ya lodi imefungwa mno na nguvu haichukuliwi kwenda antena, anodi inayumba kupita kiasi. Kwenye kilele inaweza kushuka mpaka ikaribiane na volti za gridi yenyewe. Mkondo wa anodi unashuka, wa gridi unaruka, wati za antena zinapungua. Mtu asiyejua anaona antena imepungua, anaongeza draivu!

Kinyume chake, kapasita ya lodi ikiwa imefunguka mno, mkondo wa anodi unakuwa mkubwa, wa gridi mdogo, na joto linahamia anodi. Kwa hiyo mita ya gridi mimi naitumia kama mita ya lodi kwanza, na mita ya usalama baadaye. Hapo mimi na Mtambo_Wazi tunashikana mkono.

#16 Fyuzi_Imekata

Niwape kisa changu, jina langu humu limetokana nacho.

Nilikuwa na amplifaya ya kununua iliyotumika, valvu mbili. Kwenye laini ya volti za juu kulikuwa na fyuzi ya kioo. Usiku mmoja naongea na mtu wa mbali, nikasikia tik, kitu kidogo sana kama kucha ikigonga meza. Mita ya anodi ikaenda sifuri. Mimi nikadhani mita imekufa. Nikaendelea kubonyeza, nikapiga mita kidole mara mbili tatu, nikiwa bado nimebonyeza kii.

Fyuzi ya anodi ilikuwa imekata. Filamenti zinawaka, draivu ipo, anodi haina volti. Kila elektroni iliyotoka haikuwa na pa kwenda isipokuwa gridini. Nilipoangalia mita ya gridi ilikuwa imelala upande wa kulia, imegusa kipini. Nikachungulia kwenye matundu ya kifuniko: ndani ya anodi, mahali pasipowaka kwa kawaida, kulikuwa na kitu cheupe kama uzi wa balbu. Sekunde kama nne, tano. Valvu moja gridi ilijikunja ikagusa filamenti. Nyingine ilipona lakini haikuwa ileile tena.

Aliyeniuzia alikuwa ameondoa kinga ya mkondo wa gridi "kwa sababu ilikuwa inamsumbua".

#17 Mtambo_Wazi

Pole sana mkuu. Hiyo imenikuta na mimi kwa valvu ya 811A, ila yangu ilikuwa waya wa kofia ya anodi umechomoka. Hapo lazima niseme: mita haikuniokoa, macho yalikuwa kwingine.

#18 Koili_ya_Tisa

Sababu ya kuungua haraka vile: gridi iko ndani ya ombwe, hakuna hewa ya kuipoza. Feni inapoza kioo, sili na pini. Gridi inatoa joto kwa mng'ao tu, na kidogo sana kupitia miguu yake. Halafu iko milimita chache, kwenye valvu nyingine ni sehemu ya milimita, kutoka kwenye filamenti. Filamenti ya 3-500Z peke yake inakula volti 5 kwa ampia 14.6, wati 73. Gridi inaota moto huo hata kabla hujabonyeza kii.

Kuna unafuu mmoja, mng'ao unakua kwa nguvu ya nne ya joto halisi. Ukiongeza wati mara mbili, joto halisi linapanda kama asilimia 19 tu. Lakini asilimia 19 ya kitu ambacho tayari ni chekundu ni nyingi.

#19 Hezi_Mia

Na ikipata moto bila kuyeyuka, kuna madhara?

#20 Bi_Triodi

Ndiyo, na huu ndio ugonjwa unaofichika. Gridi ikiwa ya moto mno inaanza nayo kutoa elektroni, inageuka kathodi ndogo. Elektroni zinazotoka gridini zinakwenda kinyume na zile zinazoingia, kwa hiyo mita ya gridi inaonyesha tofauti yake. Utaona umebonyeza kii, draivu haijabadilika, mkondo wa gridi unashuka polepole wenyewe na wa anodi unapanda. Mtu anafurahi kwamba gridi imetulia, kumbe ndiyo inaumia. Ukiona hivyo achia kii.

Valvu za kathodi ya oksidi, kama 8877, ziko hatarini zaidi kwa sababu bariamu inavukizwa kutoka kathodi na kutua kwenye gridi, na bariamu inapenda kutoa elektroni hata kwa joto dogo. Ndiyo maana gridi zake hupakwa dhahabu, dhahabu inaizuia bariamu. Ila dhahabu yenyewe haipendi joto kubwa.

Kuna na jambo la elektroni zinazorushwa. Elektroni moja ikigonga gridi kwa nguvu inaweza kung'oa nyingine, ambayo inakimbilia anodi. Mita inahesabu moja imeingia, moja imetoka, jumla sifuri. Lakini joto la ile iliyogonga liko palepale. Kwa hiyo pale ambapo jambo hili ni kubwa, fomula yetu inakuwa ndogo kuliko ukweli. Msipige hesabu mkafika wati 19.9 mkasema bado kuna nafasi.

#21 Tetrodi_Damu

Sisi wa tetrodi (valvu zenye gridi ya pili, iitwayo skrini) hatuna uzi wetu? 😀 4CX250B gridi ya kwanza inaruhusiwa wati 2 tu, skrini wati 12. Na 4CX1000A gridi yake ni wati SIFURI. Si mchezo, datashiti imeandika sifuri. Anodi wati 1000, gridi sifuri.

#22 Bi_Triodi

Karibuni nanyi. Sifuri hiyo maana yake gridi isiwe chanya hata kidogo. Kilele cha draivu kisizidi bayasi. Bayasi ikiwa volti 60 hasi, kilele kiishie 60. Mita ya gridi hapo haipimi wati, ni kengele: sindano ikitikisika tu umevuka. Hata 8877 yenye anodi ya wati 1500, gridi yake ni wati 25. 3CX800A7, anodi wati 800, gridi wati 4. Msichukue mazoea ya 3-500Z mkayapeleka kwenye valvu nyingine. Ukubwa wa anodi haukuambii chochote juu ya gridi.

Skrini ni rahisi kuliko yote. Haiyumbi kwa RF, imeshikwa ardhini na kapasita, volti zake ni za DC. Kwa hiyo volti za skrini mara mkondo wa skrini, umemaliza. Volti 350 kwa 20 mA ni wati 7. Tahadhari ileile ya elektroni zinazong'olewa: mita ya skrini inaweza hata kusoma hasi, usishangae.

#23 Kapasita_Kuu

Wakuu nimesoma yote mara mbili. Swali la mwisho kabla sijaenda kwenye meza: hizo volti za kilele kwenye kathodi nazipimaje? Osiloskopu ninayo, ya megahezi 50.

#24 Digrii_Sitini

Tumia probu ya mara 10, na usome imeandikwa inavumilia volti ngapi, maana uwezo wake unashuka kadiri masafa yanavyopanda. Pima kwenye 3.5 au 7 MHz, si 28. Klipu ya ardhi iwe fupi, ifunge kwenye chasisi karibu kabisa na soketi ya valvu. Probu ifunge mtambo ukiwa umezimwa, plagi imechomolewa, na kapasita za volti za juu umezitoa umeme na kuzipima. Kisha funga kifuniko cha upande wa anodi ndipo uwashe. Mkono mmoja mfukoni. Volti 2500 hazitoi onyo la pili.

Kama huna imani na probu, dayodi moja na kapasita ndogo vinakupa kilele kwenye mita ya kawaida.

#25 Koili_ya_Tisa

Naongezea: bonyeza kwa sekunde chache tu, kwenye lodi bandia (rizista kubwa badala ya antena). Na ukiwa na valvu mbili sambamba, mita moja inasoma jumla, kwa hiyo gawa kwa mbili, ila ujue valvu mbili hazigawani sawasawa kama ndugu wa mirathi. Kwa 144 MHz kwenda juu fomula hii haitoshi, kuna mkondo wa RF unaopita kwenye waya za gridi kwa sababu ya kapasita za ndani ya valvu, nao unapasha moto bila kuonekana kwenye mita ya DC.

#26 Kapasita_Kuu

Nimerudi. Nimepima jana usiku kwenye 7 MHz, lodi bandia, sekunde tatu tatu.

Mtambo umetuniwa vizuri: kilele kwenye kathodi volti 118. Toa 8 za zena, 110. Mkondo wa gridi 120 mA. Wati 13.2 kwa fomula ya jikoni. Kwa ile asilimia 88, wati 11.6.

Halafu nikafanya makusudi. Nikafunga kapasita ya lodi kidogo, kama robo ya mzunguko wa kitufe, nikarudisha tuni kwenye kina (pale mkondo wa anodi unapokuwa mdogo kabisa). Anodi ikashuka mpaka 340 mA. Gridi ikapanda 210 mA. Kilele kwenye osiloskopu kikawa 126. Kwa hiyo 118 × 0.21, wati 24.8. Kwa asilimia 88 bado ni karibu 22. Nimevuka 20 kwa robo ya mzunguko, na wati kwenye lodi bandia zilipungua, hazikuongezeka! Draivu sikuigusa.

Jambo la aibu: nimegundua huko ndiko nilikokuwa nikituni miezi yote minne kwenye 14 MHz, kwa sababu "anodi ilionekana imepoa".

#27 Bi_Triodi

Anodi ilikuwa imepoa kweli. Weka kinga ikate kii gridi ikifika 180 mA, na isiwe ya kujirudisha yenyewe. Rizista ndogo kwenye njia ya mkondo wa gridi, transista moja, relei moja. Jaribu kwanza bila volti za juu na bila draivu, peleka mkondo kutoka kwenye betri mpaka relei ichape.

#28 Fyuzi_Imekata

Na fyuzi ya volti za juu iwe na kitu kinachokata draivu pia. Naomba sana.

#29 Mtambo_Wazi

Kapasita, hiyo zena ya volti 8 inabeba mkondo wa anodi na wa gridi pamoja, 0.52 A, wati 4 na ushei. Umeifunga kwenye chasisi?

#30 Kapasita_Kuu

Nimeifunga kwenye kipande cha alumini, na mika chini yake. Nimeanza na kinga, relei imechapa kwenye 176 mA. Nageuza trima kidogo.